Mume wangu asema moshi ni wa Sudani, nami nataka kumhamisha mtoto

Shangazi, salaam.

Ninaandika kutoka Arua, Uganda. Tafadhali usichapishe jina langu, maana ndugu za mume wangu ni wasomaji wako. Nina miaka 34 na watoto watatu. Nilizaliwa katika kambi ya jeshi, Kiswahili ndicho kilichonilea. Mume wangu ni Mlugbara wa hapa hapa, dereva wa lori la mizigo linalokwenda Juba. Anakaa njiani wiki mbili, pengine tatu kama mpakani kuna foleni, akirudi analala siku chache kisha anaondoka tena. Tunaishi na mama yake. Kwa mambo mengine sina la kulalamika.

Shida yangu ni moshi, na binti yangu wa pili aliye na miaka minane.

Baada tu ya Krismasi niliamka kabla hakujapambazuka nikanusa kitu kinaungua. Nilikwenda jikoni, sigiri ilikuwa baridi. Nikatoka nje nikaizunguka nyumba, nikachungulia kwa majirani wa pande zote, hakuna aliyewasha moto. Mama mkwe alikuwa ameshaamka, akanitazama ninavyohangaika, akauliza, "Unatafuta moto wa nani?" Kulipokucha jua lilitoka jekundu, halina miale. Kilima cha Arua, ambacho kipo mjini kabisa, kilionekana kwa shida. Nguo zilizolala kwenye kamba zilinuka moshi, lakini sikuona jivu lolote juu yake. Tangu siku hiyo ni hivyo: alfajiri harufu, mchana utando angani, jioni macho yanawasha. Kuna siku upepo unageuka tunapumua, kisha unarudi.

Huyu mtoto kifua chake kinapiga filimbi usiku. Mwaka jana Januari ilikuwa hivyo, na mwaka juzi pia. Kliniki ya mtaani kwetu kila mara walimpa dawa ya kikohozi na antibayotiki wakasema ni mafua. Mwaka huu nikampeleka hospitali kubwa. Daktari alimsikiliza kifuani, akaniuliza maswali mengi kuhusu usiku na kuhusu watu wa ukoo, akasema ni pumu. Akampa pampu ya buluu ya kuvuta anapobanwa, akasema turudi baada ya mwezi.

Hapo ndipo nyumba ilipowaka. Mama mkwe hataki kabisa neno hilo litamkwe. Anasema ukoo wao hauna pumu, na kwamba nikilitangaza nani atakuja kumposa msichana? Anasema pia pampu ni kitu cha kuzoeleka, mtoto akianza hataweza kupumua bila hiyo maisha yake yote. Niliwahi kuikuta juu ya kabati, mahali ambapo mtoto hafiki. Nilipouliza, alinijibu kwa Kilugbara kwa haraka ambayo najua anaitumia asipotaka nimwelewe.

Mume wangu yeye hana ubishi juu ya moshi. Anasema usiku akitoka Nimule kuelekea Juba nyasi zinaungua kulia na kushoto, "Sudani yote inawaka." Lakini hapo hapo ananiuliza, "Sasa utakwenda kuuzima wewe? Mimi nimekulia ndani ya moshi huu. Baba yangu pia." Na siwezi kusema ni Sudani peke yake, kwa sababu tulipokwenda kijijini kwao sikukuu, wadogo zake walichoma pori kuwatoa ndezi. Tulikula wote, nami nilikula, na sitadanganya kwamba nyama ile haikuwa tamu.

Nimefanya ninayoweza. Nafunga madirisha yote tangu jioni, naziba chini ya mlango kwa matambara. Mtoto namfunga kitenge kibichi puani. Kupika tumehamia ndani, kwenye korido, kwa sababu jiko la nje limejaa moshi. Usiku akibanwa naleta sigiri karibu na chumba chao, nachemsha majani ya kalitusi, namfunika kwa blanketi avute mvuke. Kuna usiku anapata nafuu, kuna usiku ni kama nimemwongezea.

Dada yangu anaishi Kampala, Kawempe. Ameniambia, "Mlete, nitamtafutia shule hapa, huku hakuna wachoma nyasi." Mume wangu alipolisikia alisema mtoto wake hatalelewa kwa watu wakati baba yake yu hai, akafunga mjadala. Sasa yuko njiani. Shule zinafunguliwa Februari. Nauli nimeshaiweka kwenye simu. Nimefikiri nimwambie mama mkwe kwamba tunakwenda msibani, nimfikishe mtoto Kampala, nirudi peke yangu. Mume atakasirika lakini atakuta imeshafanyika.

Shangazi, nikifanya hivyo nitakuwa nimemwibia mtoto wake? Na nisipofanya, mtoto akipatwa na jambo, nitasema moshi ulitoka Sudani?

Mama wa binti, Arua.

JIBU LA SHANGAZI

Mwanangu, pole, na hongera kwa kumpeleka hospitali wakati watu wote wamekwambia ni mafua.

Kabla sijagusa lolote la mume wala la Kampala, nakuomba leo hii sigiri itoke kwenye korido. Hili silifanyii adabu. Makaa yakiwaka hutoa hewa inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ndani ya nyumba ambayo madirisha yamefungwa na milango imezibwa matambara, hewa hiyo inaweza kuwalaza watoto watatu na bibi yao wasiamke. Wewe umeifunga nyumba kwa mapenzi, lakini ukiifunga hivyo ukaingiza na makaa, afadhali moshi wa nje ulioukimbia. Pikeni nje, au kwenye kibaraza kilicho wazi pande mbili, hata kama anga ina utando. Na ule mvuke wa kalitusi chini ya blanketi uache: mtoto mwenye pumu harufu kali yaweza kumbana zaidi, na maji ya moto kando ya mtoto anayehangaika gizani ni jeraha linalosubiri. Zile siku ulizoona ni kama umemwongezea, huenda macho yako yaliona sawasawa.

Sasa tukae.

Ninavyokuelewa, una mtoto mgonjwa, una ugonjwa ambao nyumba yake haitaki kuutaja jina, na una moshi ambao kila mtu anakubali upo lakini hakuna anayeona kuwa unamhusu. Umefikia mahali pa kuona njia mbili tu: kumtorosha au kumwangalia anavyoteseka. Nitakuuliza mambo machache, si kwa kukushitaki, bali kwa sababu nahisi kuna vitu vingine vimelala katikati ya hizo njia mbili.

Kwanza mume wako hajakosea kuhusu asili ya moshi. Kuanzia Desemba mpaka Februari, ukanda mzima wa nyasi kaskazini mwetu huungua: Sudan Kusini, Jamhuri ya Afrika ya Kati, kaskazini mwa Kongo, na kwetu pia, Acholi, Karamoja, na hilo pori la shemeji zako. Bara letu hubeba takriban theluthi mbili ya eneo lote linaloungua duniani kila mwaka, na sehemu kubwa ni nyasi. Miezi hiyo upepo hutoka kaskazini mashariki, na moshi wa nyasi husafiri mamia ya kilomita. Wewe mwenyewe umetoa ushahidi mzuri kuliko unavyodhani, uliposema nguo zilinuka lakini hazikuwa na jivu. Moto ulio karibu hudondosha majivu na vipande vyeusi vya majani. Moshi uliosafiri umeshayaangusha mazito njiani, umebaki na chembechembe ndogo tu, zile zinazolifanya jua liwe jekundu. Ukitaka kuyaona kwa macho, kijana yeyote mwenye simu akufungulie ramani ya moto ya NASA. Ni ya bure. Satelaiti hupita juu kila siku zikitafuta joto, na kila panapowaka huwekwa alama nyekundu. Fungueni mume wako akiwepo, aoneshe na barabara yake. Wanaume hupenda kueleza ramani.

Wanaochoma nao si wachawi. Mfugaji anataka majani mabichi ya ng'ombe, mkulima anasafisha shamba, mwingine anafukuza nyoka njiani, vijana wanataka ndezi. Ukianza mazungumzo kwa kuwaita waharibifu, nyama uliyokula Krismasi itakusuta.

Lakini hapa ndipo ninapotaka tupunguze mwendo. Mume anasema moshi wote ni wa mbali, kwa hiyo hakuna la kufanya. Wewe, ingawa umelitaja pori la shemeji zako, unapanga kana kwamba moshi wote ni wa mbali, kwa hiyo dawa ni kukimbia. Mnagombana, na bado mnaamini kitu kimoja. Je, ni kweli wote ni wa mbali?

Umesema harufu ni kali alfajiri. Usiku hewa ya chini hupoa na kutulia, na chochote kilichomo hubaki hapo hapo usawa wa pua mpaka jua liipashe ardhi. Basi alfajiri hukusanya vyote pamoja: wa Sudan Kusini, wa tanuri la matofali, maana kiangazi ndio msimu wa kuchoma matofali, wa takataka zilizoachwa zikifuka tangu jioni, wa kuni za jirani aliyewahi kuamka. Pua haiwezi kukuambia kipi ni kipi. Kifua cha mtoto nacho hakiulizi. Kinachokiumiza ni vumbi la moshi lenye ukubwa chini ya maikromita 2.5, jembamba kuliko unywele kwa zaidi ya mara 20, linalopita puani na kooni hadi ndani kabisa ya mapafu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza lisizidi maikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo ya hewa kwa siku. Jiko la kuni au makaa ndani ya nyumba hupita hapo bila msaada wa Sudani yoyote. Shirika hilo hilo lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa kupikia majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 duniani. Hapo msitu wala nyasi hazimo.

Kwa hiyo ningependa kujua mambo ambayo barua yako haikuyasema. Nani anafagia uwanja na kuchoma taka jioni, na anachomea wapi kutoka dirisha la mtoto? Kuna kaveera, ile mifuko ya plastiki, ndani ya hizo taka? Chumba chao kimepakana na jiko? Mtoto hukohoa usiku wa Machi, wakati mvua imeosha anga? Daftari la shule la zamani litatosha: kila usiku andika alivyolala, anga lilivyokuwa, na nini kiliwaka karibu na nyumba jioni ile. Baada ya muda mfupi utaanza kuona. Inawezekana utakuta moshi wa mbali ndio mkosaji mkuu, na basi utakuwa na cha kumwonesha daktari. Inawezekana utakuta usiku mbaya zaidi unafuata jioni ambazo bibi alichoma majani. Hilo nalo lina ugumu wake, maana sasa adui atakuwa hayuko ng'ambo ya mpaka, atakuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni kwako. Lakini moshi wa uwanjani unaweza kuombwa uhame, na wa Nimule hauombeki.

Siku ambazo anga ni nzito kweli, kufunga dirisha la chumba kimoja cha watoto kunasaidia, kama ndani hakuna kinachowaka, na mchana upepo ukisafisha mfungue. Kitenge kibichi kinazuia majivu na vumbi kubwa, hizo chembe ndogo zinapita. Barakoa aina ya N95 huzizuia ikikaa vizuri usoni, ila uso wa mtoto wa miaka minane mara nyingi ni mdogo mno kwake. Kumpunguzia mbio asubuhi kwenye utando kutamfaa kuliko kitambaa.

Tuje kwa mama mkwe. Ulipoandika pampu imewekwa juu ya kabati nilikasirika kwa niaba yako. Kisha nikajiuliza: anaogopa nini? Mwanamke wa umri wake huenda ameona watu wa pumu wakifa enzi ambazo pampu haikuwepo, na sasa anaiona pampu kama tangazo la msiba. Kuhusu kuzoeleka, mwambie hivi, au afadhali aambiwe na mtu asiye mkwe: pampu ya buluu hulegeza njia za hewa zilizojikaza, kazi yake huisha baada ya saa chache, na haimfanyi mtoto mtumwa. Ila haitibu uvimbe ulioko ndani. Ndiyo maana kuna pampu ya aina ya pili, ya kukinga, ambayo hutumiwa kila siku kwa kipindi atakachopanga daktari hata kama mtoto yuko mzima. Siku ya kurudi hospitali uliza kama binti yako anaihitaji, hasa kwa miezi ya kiangazi, na uliza pia kuhusu kile chombo cha kuwekwa kati ya pampu na mdomo. Mtoto akipuliziwa mdomoni bila chombo, dawa nyingi huishia kooni. Chupa safi ya plastiki ya nusu lita hutengenezwa ifanye kazi hiyo, wauguzi wengi wanajua namna. Na kwa nini usiende na bibi siku hiyo? Arua haikosi muuguzi anayezungumza Kilugbara. Yapo maneno ambayo mkwe hawezi kuyasema yakasikika, hata yawe kweli namna gani. Hatari yake ni kwamba anaweza kukataa mbele ya daktari na kukuaibisha. Wewe unamjua, mimi simjui.

Mume wako. "Mimi nimekulia ndani ya moshi huu." Sentensi hiyo naisikia sana, na wanaoisema ni wale waliokua. Waliozikwa wadogo kwa kifua hawapo kuisema. Usimrushie hivyo, lakini ukumbuke moyoni. Swali langu ni jingine: amewahi kukisikia kifua cha mwanawe saa tisa ya usiku? Mtu anayelala nyumbani siku chache kwa mwezi, pengine siku ambazo upepo umegeuka, anamjua binti anayecheka mchana. Anapokujibu kwamba huwezi kuuzima moto wa Sudani, huenda hajakataa mtoto ni mgonjwa, amekataa tu kuonekana hana uwezo. Usiku mwingine akibanwa, ukishampa dawa, mrekodi kwa simu. Ile filimbi isikike, mbavu zinavyovutwa zionekane. Mtumie baba yake huko huko njiani, bila maneno ya ugomvi. Pengine atanyamaza. Pengine atapiga simu. Vyote viwili vitakufundisha kitu kabla hujapanda basi.

Na hilo basi la Kampala. Dada yako anakupenda, lakini kusema huku hakuna wachoma nyasi si kusema hewa ni safi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, kupitia mradi wao wa AirQo, wameweka vipimo vya hewa Kampala na katika miji mingine, na hewa ya jiji hilo huzidi kwa mara kadhaa kile kiwango cha mwaka kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, maikrogramu 5. Magari makuukuu, boda boda, vumbi la barabara zisizo na lami, taka zinazochomwa, sigiri za kila kibaraza. Moshi wa nyasi nao upo: kuanzia Juni hivi, ukanda wa kusini, yaani kusini mwa Kongo, Zambia na Angola, ndio hushika zamu ya kuungua, na utando wake huweza kufika upande wa ziwa. Kwa Kawempe ningependa kujua nyumba ya dada iko umbali gani na barabara kubwa, wanapikia wapi, na mtoto atalala chumba kimoja na nani. Programu ya AirQo ni ya bure kwenye simu. Mwambie dada akutumie namba za mtaani kwake asubuhi na jioni kwa siku kadhaa. Huenda zikakupa moyo wa kwenda, huenda zikakuokolea nauli.

Jambo la kusema uongo wa msiba ni zito kuliko nauli, na nadhani unalijua ndiyo maana umeandika. Mume akirudi akakuta kitanda kitupu, atakachokisikia si pumu. Atasikia kwamba mkewe amempita nyuma, na ndugu zake watalisikia hivyo pia, na mazungumzo yatahamia kwenye mahari na heshima, mtoto asahaulike. Binti naye utakuwa umempa siri ya kubeba: bibi akimpigia simu aseme nini kuhusu marehemu? Upande wa pili, sitakuficha, kuna akina mama waliongoja ruhusa mpaka wakachelewa. Kama siku moja daktari atakwambia mtoto huyu asibaki pale kwa wakati huu, hilo litakuwa jambo la aina nyingine kabisa, na hata LC wa mtaa, yaani mwenyekiti wa baraza la mtaa, atalielewa.

Kuna kitu kwenye kalenda ambacho hamjakitazama. Moshi wenu unakuja Desemba na Januari, na hiyo ndiyo likizo ndefu ya shule. Mume alikataa mtoto kulelewa kwa watu. Je, alikataa mtoto kumtembelea mama yake mdogo sikukuu, akarudi shule zinapofunguliwa? Hayo ni maombi mawili tofauti, na huenda alisikia moja tu. Ya pili haimnyang'anyi mtu chochote, na mtoto habadili shule wala marafiki. Sisemi haina kasoro. Likizo ya mwaka huu karibu imekwisha, hivyo inakufaa zaidi mwaka ujao. Mtoto akienda kutembea wakati mwingine huzoea akabaki, na mume anaweza kuiona ni mlango wa nyuma. Na safari yenyewe, karibu kilomita 500 ndani ya basi, dirisha limefunguliwa, mnapita Karuma nyasi zikifuka, kwa kifua kama hicho si jambo dogo.

Kuhusu shemeji na ndezi, Uganda ina sheria ya kukataza kuchoma nyasi tangu 1974, na anayetaka kuchoma anatakiwa apate kibali. Unaweza kulifikisha kwa LC1 wa kijiji. Lakini mkwe akiwapeleka shemeji zake kwa LC kwa jambo ambalo kijiji kizima hufanya, sijui kama ataalikwa Krismasi nyingine. Mume wako akilianzisha yeye, akiwaambia wadogo zake wachome mapema nyasi zikiwa bado na unyevu, kwa kibali, na si karibu na nyumba wakati watoto wapo, maneno yatapokelewa kwa sikio lingine. Hilo linategemea video ya usiku ilimgusa au haikumgusa.

Wakati mnaendelea kuongea, dalili hizi mzijue wote nyumbani, na bibi pia: mtoto anashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, nyama ya katikati ya mbavu inavutwa ndani, midomo au kucha zinabadilika rangi, anakuwa mzito wa usingizi, au pampu haimsaidii, au nafuu yake haidumu. Hapo haiulizwi ruhusa ya mtu. Ni boda boda au gari la jirani mpaka hospitali, usiku ule ule, huku anaendelea kupewa pampu njiani. Pesa ya safari hiyo iwe tayari kwenye simu, mbali na ile ya nauli ya Kampala, na namba ya mtu wa boda anayekubali kuamshwa usiku muwe nayo wewe na mama mkwe.

Pampu itafutiwe mahali pamoja ambapo mtoto anafika mwenyewe. Ikiwa atalala Arua, kijijini au Kawempe, iende naye pamoja na karatasi ya daktari, mkononi mwa mtu mzima aliyeoneshwa namna ya kuitumia, si ndani ya begi lililofungwa juu ya basi.

Shangazi.